UZI: Simu za biashara Mtwara na Lindi, risiti unayo kabatini, je, akaunti ni ya nani?

Habari za jioni wanajamvi.

Naandika nikiwa Mtwara mjini. Msimu wa kupulizia mikorosho uko mlangoni, na najua wengi wenu humu mnaosambaza pembejeo, wenye maghala na wenye maduka ya jumla, wiki hizi mnagawa simu kwa vijana wanaokwenda vijijini. Kabla hujamkabidhi kijana simu, naomba usome uzi huu.

Mimi ndiye ninayesimamia simu na kompyuta za kampuni ndogo ya pembejeo. Tuna simu janja 14. Tatu ziko dukani hapa mjini, zilizobaki ziko Tandahimba, Newala, Masasi, Ruangwa na Liwale. Ndani yake kuna majina ya wakulima, namba zao, nani kachukua mifuko mingapi ya salfa, nani kachukua dawa ya maji, nani bado anadaiwa bomba la kupulizia. Daftari lote la zamani limehamia humo. Simu ikipotea tunanunua nyingine siku hiyohiyo. Daftari lililo ndani likipotea, hakuna duka linaloliuza.

Nianze na kilichonifungua macho.

Msimu wa 2023 kijana wetu wa upande wa Tandahimba aliaga kazi, kwa heri kabisa, bila ugomvi. Alirudisha simu kwenye boksi lake, pamoja na chaja na ule waya wake. Alikuwa na picha za familia humo, akaona si vizuri ziangukie mikononi mwa mtu mwingine, basi akaizima, akabonyeza kitufe cha kuwashia na cha sauti kwa pamoja, akaifomati. Mimi nikaiwasha mezani usiku ili mwenzake aondoke nayo na basi la alfajiri. Ikauliza lugha. Ikauliza Wi-Fi. Halafu ikaandika kwamba simu hii ilifutwa, weka akaunti ya Google iliyokuwa ikitumika awali.

Akaunti gani? Ilikuwa yake binafsi, aliyofunguliwa haraka haraka siku tuliyompa simu. Nywila haikumbuki. Namba aliyofungulia imeshakufa. Na yeye mwenyewe wakati huo ameshavuka Ruvuma, anatafuta maisha Msumbiji.

Ule ulinzi upo kwenye Android tangu toleo la 5.1 la mwaka 2015, na umewekwa kwa nia njema: mwizi akiifomati simu, bado haitamfaa. Lakini simu haijui risiti. Inajua akaunti. Kwa macho yake, mwenye mali ni yule kijana, na sisi tulioilipia ndio wezi. Fundi mmoja alinitajia bei ya kuuvunja ule mlango, nikakataa, kwa sababu simu iliyofunguliwa kwa njia za pembeni siwezi kujua imeingizwa nini, na mimi nataka kuiwekea majina ya watu.

Simu ile si iliyoniuma. Kilichoniuma ni namba za wakulima zaidi ya 600 alizokuwa akizihifadhi kwenye akaunti hiyohiyo. Tulizunguka upya kijiji kwa kijiji na daftari na kalamu. Kuna mama mmoja aliniuliza, "Si mlishaniandika nyie?" Sikuwa na jibu la kumpa.

Kisa cha pili ni cha Masasi. Kijana wetu mkewe alijifungua kwa upasuaji, fedha zikamwishia, naye akaona aibu kutuambia. Akapakua programu ya mikopo ya mtandaoni kwenye simu ya kazi. Ikaomba ruhusa ya kusoma majina yote na ujumbe. Akabonyeza kubali, kubali, kubali. Siku ya kulipa ikapita, na wale watu wakaanza kuwatumia wateja wetu ujumbe kwamba fulani ni tapeli, mwambieni alipe. Mzee mmoja alitoka kijijini kwake hadi dukani na simu yake ya vitufe, akanipa nimsomee. Nikamsomea. Akasema, "Mwanangu, mimi nimemdhamini nani?" Mikono ilikuwa inamtetemeka. Alidhani korosho zake zitakamatwa.

Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza orodha ya programu 69 za mikopo zilizokuwa zikifanya kazi bila leseni. Ilisaidia, ila jina moja likifungwa jingine linazaliwa. Kijana yule simlaumu kwa shida yake. Lawama ni yetu sisi tuliompa simu iliyo wazi, ambayo kila programu inaweza kuingia, na ambayo majina ya wateja yamelala chumba kimoja na mambo yake ya nyumbani.

Sasa tunavyofanya.

Simu ya kampuni haiwekwi akaunti ya mtu. Inaingizwa kwenye mfumo wa kusimamia simu, ule wanaouita MDM, tangu inatoka kwenye boksi. Kwa Android nyingi kuanzia toleo la 7, ukiwasha simu mpya na kufika ukurasa wa kukaribishwa, gusa skrini mara 6 mahali pamoja. Itafungua kamera isome msimbo wa QR ulioutoa kwenye mfumo wako. Kuanzia hapo simu inajua bosi wake ni kampuni. Unaweza kuamua programu zipi zionekane kwenye Play Store ya simu hiyo, nywila iwe na urefu gani, na ukaamuru ijifute ukiwa mbali. Lazima simu iwe mpya au imefomatiwa. Iliyokwisha kuanza kutumika haikubali njia hii, na hapo ndipo wengi wanapokwama.

Sisi tumeruhusu programu 9 tu. Ya mauzo, WhatsApp Business, ramani, kikokotoo na nyingine chache. Hakuna kurushiana programu kwa Xender. Hakuna zile WhatsApp za GB. Hizo hazitoki kwa wenye WhatsApp, na mtu asiyejulikana ndiye aliyezitengeneza. Niliwahi kukuta moja kwenye simu ya dukani, ile ambayo wateja wanatumia kututumia picha za vitambulisho vyao.

Kama kijana anatumia simu yake mwenyewe, usimbebeshe yote hayo. Kuna wasifu wa kazini: simu moja inagawanywa vyumba viwili, na programu za kazi zinakuwa na alama ndogo ya mkoba. Ukifuta chumba cha kazi, picha za mtoto wake zinabaki. Na wewe bosi huoni ujumbe wake wala picha zake za upande wa pili. Angalia tu kabla ya kununua, maana simu nyingine za bei ya chini zenye kumbukumbu ndogo hazina uwezo wa kugawanya hivyo.

Kwenye laini nako watu wanasahau. Laini zetu zamani zilikuwa kwa majina ya vijana, kwa alama zao za vidole. Kijana akiondoka, au simu ikiibiwa, ni yeye peke yake anayeweza kwenda kurudisha laini. Namba ambayo wakulima wote wanaijua inakuwa mateka. Tumezisajili upya kwa jina la kampuni, kwa nyaraka za biashara. Na kila laini ina PIN yake. Bila hiyo, mwizi hahangaiki na nywila ya simu: anachomoa laini, anaiweka kwenye simu ya vitufe, anaomba msimbo wa WhatsApp, unamfikia. Ukikosea PIN ya laini mara 3 inaomba PUK, yaani namba ya kuifungulia laini, na PUK ukiikosea mara 10 laini inakufa moja kwa moja. Kile kikadi kilichokuja na laini kina PUK yake, usikitupe. Vyetu viko kwenye bahasha moja, kila kimoja kimeandikwa namba yake.

Nimalizie na nywila, hapa tulikosea na tukajifunza kwa mikono ya watu. Nilipoanza niliagiza wote wafungue simu kwa alama ya kidole. Dada mmoja wa Newala akawa kila mara anaacha simu bila kufungwa kabisa. Nikamkaripia kwenye simu. Nilipofika kwake akaninyooshea viganja. Jioni anabangua korosho nyumbani, na mafuta ya ganda yamemchubua ncha za vidole, zimekuwa laini kama karatasi iliyolowa. Simu haimtambui. Nilimwomba radhi palepale. Sasa wote wanatumia tarakimu 6, kidole ni hiari. Tarakimu 4 zina michanganyiko 10,000, tarakimu 6 zinafika 1,000,000, tena kukumbuka si kazi kubwa. Tarehe ya kuzaliwa hairuhusiwi.

Naomba kuwasilisha. Maswali yaje.

*

Mchangiaji, Masasi:
Mkuu uzi umeenda shule. Mimi nina duka la vifaa vya ujenzi na simu 4 tu. Huo mfumo si ni wa makampuni makubwa? Gharama zake zikoje?

Mleta uzi:
Mkuu, kwa simu 4 anza na ulichonacho. Kama barua pepe za biashara mnatumia Google Workspace, usimamizi wa msingi wa simu umo ndani ya kifurushi bila kuongeza hela: unalazimisha simu iwe na nywila, na ikipotea unafuta akaunti ya kazi ukiwa umekaa dukani. Walio upande wa Microsoft, kifurushi cha Business Premium kinakuja na Intune, mfumo wao wa kusimamia simu. Kama una kijana anayeweza kusimamia seva, ipo Headwind MDM ya Android ambayo msimbo wake ni huria. Na hata kama hutaki lolote kati ya hayo, leo jioni fungua akaunti za Google kwa jina la duka, nywila ukae nazo wewe, ondoa za watu. Hilo ni bure na ndilo lingetuokoa sisi 2023.

Mchangiaji, Newala:
Mimi ni mwajiriwa, siyo bosi. Kusema kweli hii mifumo inanitia hofu. Bosi wetu aliweka kitu kwenye simu, sasa anajua Jumapili nimekwenda wapi. Hiyo ni haki?

Mleta uzi:
Dada, umegusa pazito na nakushukuru. Si haki kufuatiliwa bila kuambiwa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inakulinda na wewe mfanyakazi kama inavyomlinda mteja. Mahali ulipo ni taarifa yako binafsi. Sisi kila kijana tunakaa naye, tunamsomea karatasi ya ukurasa mmoja: kampuni inaona hiki, haioni kile, na kutafuta simu ilipo kunafanyika ikiripotiwa kupotea tu. Anasaini, nakala anabaki nayo. Muulize bosi wako kwa adabu akuonyeshe kwenye skrini anachokiona. Kama ni simu yako mwenyewe, omba wasifu wa kazini. Na nyie wenzangu mnaokusanya majina ya wakulima na vitambulisho vyao, sheria hiyohiyo inawataka mjisajili Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Msidhani ni habari ya mabenki peke yao.

Mchangiaji, Lindi mjini:
Kijana, mimi ni mtu mzima, biashara hii ya ufuta na korosho nimeifanya tangu kabla ya stakabadhi ghalani. Daftari langu halikuwahi kuomba akaunti. Kwa nini tusirudi huko?

Mleta uzi:
Shikamoo mzee wangu. Daftari nalipenda na bado ninalo. Kila Jumamosi tunachapa orodha ya madeni tunaiweka kwenye faili, kwa sababu umeme ukikatika na mtandao ukizima, karatasi inasomeka. Ila mzee wangu, daftari likiibiwa mwizi analisoma lote hapohapo. Simu yenye nywila, taarifa zake zimegeuzwa fumbo lisilosomeka bila nywila. Android zote mpya kuanzia toleo la 10 zinatakiwa kuwa hivyo zinapotoka kiwandani. Halafu mnada wenyewe sasa umehamia mtandaoni kupitia TMX, soko la bidhaa Tanzania, bei inajulikana kwenye simu. Tunatembea na vyote viwili.

Mchangiaji, Lindi mjini:
Marahaba. Hapo kwenye karatasi ya Jumamosi nimekuelewa.

Mchangiaji, Nachingwea:
Mleta uzi, unasema unafuta simu ukiwa mbali. Huku kwetu kuna vijiji unapanda mwembe ndiyo upate mtandao. Amri itafikaje?

Mleta uzi:
Swali zuri kuliko yote. Haifiki. Amri ya kufuta inasubiri mpaka simu iwake na iguse intaneti, na mwizi mwenye akili anachomoa laini kwanza. Mei 2024 nilijifunza hili. Kimbunga Hidaya kimepita, barabara imekatika Kilwa, na tarehe 12 nyaya za baharini za EASSy na SEACOM zikakatika, intaneti ikawa ya kusuasua nchi nzima. Wiki hiyohiyo simu yetu moja ilipotea stendi, hukohuko kwenu Nachingwea. Nilitoa amri, ikakaa "inasubiri" siku 5. Kilichotulinda siku hizo 5 ni nywila ya tarakimu 6 na PIN ya laini, vitu vinavyokaa ndani ya simu bila kuhitaji mtandao. Kwa hiyo anza na hivyo. Kufuta kwa mbali ni ziada.

Na kuna kosa jingine la kuepuka: mifumo mingine ina sheria ya kuifunga simu isiyowasiliana na makao kwa siku 2 au 3. Mtu wa Dar anaweza kuiwasha asione tatizo. Sisi tuliwahi kuiweka siku 3, kijana wa Liwale akafungiwa akiwa porini, wakulima wamepanga foleni ya salfa, yeye anatazama skrini nyeusi. Yetu sasa ni siku 21, na programu ya mauzo inaandika bila mtandao, inatuma akifika mjini.

Mchangiaji, Mtwara:
Mimi fundi simu. Nathibitisha, kila mwisho wa msimu naletewa simu za kampuni zimejifunga kwenye akaunti za watu. Pia wekeni vifuniko kwenye tundu la chaji. Vumbi la salfa linaingia, linaleta weusi kwenye zile pini, simu inakataa kuchaji. Mtu akija nayo nanusa tu najua ametoka shambani.

Mleta uzi:
Ahsante sana fundi. Hilo la vifuniko naliongeza kwenye begi la kila kijana. Naomba nikuulize: ukiletewa simu yenye ukurasa wa mfumo wa kampuni kwenye skrini, unafanyaje?

Mchangiaji, Mtwara:
Nasoma jina la kampuni, napiga. Wengine hawaandiki namba. Andikeni namba ya ofisi kwenye skrini ya kufunga, sisi mafundi tulio waaminifu tupo wengi.

Mleta uzi:
Nimeandika sasa hivi kupitia mfumo, kwa simu zote 14. Imechukua dakika 4.

Mchangiaji, Ruangwa:
Na ikishaibiwa kabisa, hatua ni zipi? Sisi yetu imeondoka juzi gulioni, bado tumekaa tu.

Mleta uzi:
Ndugu yangu, usikae. Sasa hivi piga mtandao wa laini waifungie. Ingia kwenye mfumo au ukurasa wa Google wa kutafuta kifaa, toa amri ya kufunga na kufuta. Badilisha nywila za barua pepe na programu ya mauzo. WhatsApp, ukishapata laini mpya, isajili haraka kwenye simu nyingine na uwashe uthibitishaji wa hatua mbili. Kesho asubuhi nenda polisi ukachukue taarifa ya upotevu, kisha nayo uende kwa mtandao wako wafungie namba ya IMEI, ile ya utambulisho wa simu yenyewe. IMEI iko kwenye boksi. Waliobaki na simu zao, pigeni *#06# leo, muiandike daftarini. Na watumieni wateja wenu ujumbe mfupi: namba hii imeibiwa, mkiombwa hela msitume. Ujumbe wa matapeli wakiupata wautume kwenda 15040. Kuwaambia wateja mapema kunaonekana kama aibu, lakini mkulima aliyeonywa anakuheshimu zaidi kuliko aliyeibiwa kwa jina lako.

Mchangiaji, Ruangwa:
Laini imefungwa. Imesajiliwa kwa jina la dogo, na dogo yuko Dar kwa mazishi mpaka wiki ijayo. Ndipo nimeelewa uzi wako.

Mleta uzi:
Pole sana, na pole ya msiba kwake. Mwambie awahi duka la mtandao hukohuko Dar, alama yake ya kidole inasomeka popote. Halafu apige *106# aone laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chake. Akirudi, mhamishe namba iwe ya kampuni kabla hamjanunua simu nyingine.

Mchangiaji, Masasi:
Mkuu, nimenunua simu 4 mpya, ziko kwenye boksi, sijazigusa. Unapita huku lini utusaidie?

Mleta uzi:
Ijumaa napita nikielekea Mangaka, nitashuka Masasi stendi kwenye saa 5 asubuhi. Usiziwashe. Njoo nazo kwenye boksi zake, na vikadi vya laini. Zile za zamani pia zilete, ila kila moja ije na mtu ambaye akaunti yake imo ndani.